Nyumba Hii Inaamini

Dobi hakujua kukaa. Dukani kwake kulikuwa na kigoda kimoja, kigoda kizuri chenye miguu imara, lakini kazi ya kigoda hicho ilikuwa kubeba foronya. Mwenyewe alipiga pasi amesimama. Alikunywa chai amesimama. Mteja akija kulalamika, alimsikiliza huku anaizunguka meza.

"Baba Kengele, hebu tua kidogo," mkewe alikuwa akimwambia.

"Nitatua nguo zikiisha."

Nguo hazikuisha hata siku moja.

Duka lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Meza ya pasi ilikaa dirishani ili ipate mwanga. Kwenye kona alikaa mke wake na cherehani, akirudishia vifungo vilivyong'oka na kuziba nguo zilizotoboka. Nyuma ya nyumba kulikuwa na uwanja wa kamba, na kwenye kamba kulikuwa na mashuka ya watu. Nyumba nzima ilinukia sabuni na mvuke.

Walikuwa na binti mmoja, mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule ya wasichana. Mtaa mzima ulimwita Kengele. Alipokuwa mchanga alikuwa akilia, na akilia majirani wote wanaamka, wanaofanya kazi na wasiofanya kazi. Jina likamganda. Sasa alikuwa msichana mrefu mwenye mikono myepesi. Akitoka shule alivua sare, akala, akaingia kukunja nguo. Shuka likikunjwa na Kengele, pembe zake zilikutana sawasawa. Dobi alijivunia mikono ile kuliko alivyowahi kumwambia mtu yeyote.

Alasiri moja dobi alikuwa anapiga pasi blauzi nyeupe ya mteja. Ilikuwa blauzi ya heshima, ya mikono mirefu. Alikuwa amefika kwenye mkono wa kulia aliposikia sauti kutoka uwanjani.

"Mheshimiwa mwenyekiti! Waheshimiwa majaji! Nyumba hii inaamini kwamba mtoto wa shule asifanye kazi katika biashara ya wazazi wake!"

Dobi aliinua kichwa. Ilikuwa sauti ya Kengele. Nyumba hii? Nyumba ipi tena? Nyumba hii ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni yeye, na yeye hakuamini kitu kama hicho hata kidogo.

Sauti ikaendelea, kwa kasi, kama mtu anayekimbizwa.

"Mzazi anayemweka mtoto dukani kila siku anamwibia mtoto wake! Hamwibii fedha. Anamwibia muda!"

Dobi alichungulia dirishani. Kengele alikuwa amesimama katikati ya mashuka, mkono mmoja juu. Upepo ulikuwa unapita, na mashuka yalikuwa yanatikisika kama watu wanaokubali. Majaji! Mwizi! Mtoto wake mwenyewe alikuwa anajiandaa kumpeleka mahakamani, tena anafanya mazoezi kwa mashuka aliyoyafua yeye.

"Pasi!" mkewe akapiga kelele. "Baba Kengele, pasi!"

Moshi ulikuwa unapanda. Dobi aliinyanyua pasi haraka, lakini alikuwa amechelewa. Kwenye mkono wa blauzi kulikuwa na alama ya rangi ya chai, yenye umbo la pasi kabisa, na ncha yake.

"Kengele!" aliita. "Njoo hapa! Sasa hivi!"

Kengele aliingia mbio, akiwa bado anahema.

"Abee, baba."

"Nani mwizi?"

"Mwizi gani, baba?"

"Huyo uliyekuwa unawaambia mashuka. Mzazi anayemwibia mtoto. Nani huyo?"

Kengele aliweka mkono mdomoni. "Ah! Baba, ule ni mdahalo. Shuleni tuna mdahalo Jumamosi, mimi ndiye msemaji wa kwanza. Tumepewa mada, halafu tuka..."

"Mdahalo!" Dobi alianza kuizunguka meza. "Ubishi umepewa jina la heshima, umekuwa mdahalo. Nakulisha, nakuvisha, nakulipia shule, halafu shule inakufundisha kuniita mwizi!"

"Baba, nimepangiwa upande, sikucha..."

"Nani amekupangia umtukane baba yako? Nimesikia kwa masikio yangu. Nyumba hii inaamini! Nyumba hii ni yangu! Mimi sijaamini!"

"Baba, nyumba maana yake si..."

"Basi! Jumamosi huendi popote. Na huo mdahalo wako umeishia leo."

Kengele alimtazama mama yake. Mama yake alitazama cherehani. Macho ya msichana yalijaa machozi. Alichukua shuka akaanza kukunja. Kwa mara ya kwanza pembe hazikukutana, na hakuzirekebisha.

Usiku ule na asubuhi yake nyumba ilikuwa kimya. Kengele alisema "shikamoo, baba", akanywa chai, akaenda. Hakuimba bafuni. Hakubishana na redio. Dobi ndiye aliyetaka kimya, lakini alipokipata hakikumkaa vizuri. Aliingia uwanjani akatoka. Alishika ndoo akaiacha. Alipanga vibanio vya kamba vilivyokuwa vimeshapangwa.

"Kama umepoteza kitu, niambie tukitafute wote," mkewe alisema.

"Sijapoteza kitu."

"Haya."

Lakini kulikuwa na swali, na lilikuwa linamtafuna. Je, mtoto anaionea aibu kazi ya baba yake? Miaka yote ile ya kukunja pamoja, alikuwa anahesabu muda anaoibiwa? Dobi angeweza kuvumilia kuitwa mwizi na mtu mwingine yeyote. Kwa Kengele iliuma.

Mchana mwenye blauzi akaja. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, mkalimani wa mahakamani. Watu wa lugha tofauti wakifika mbele ya hakimu, yeye ndiye anayesimama katikati na kugeuza maneno, huku kwenda kule na kule kuja huku. Mtaani walimwita Dada Mkalimani.

Dobi hakuwa mtu wa kuficha. Alimwonyesha mkono wa blauzi.

"Nimeiunguza, dada. Nisamehe. Nitakutafutia nyingine."

Mkalimani aliigeuza blauzi, akaitazama ile alama. "Imetoka vizuri. Mtu angedhani ni nembo ya duka. Kaka, wewe tangu lini unaunguza nguo?"

"Tangu mwanangu alipoanza kuniita mwizi."

Akamweleza yote, huku anazunguka meza. Mashuka, majaji, nyumba hii inaamini. Mkalimani alisikiliza. Mwanzoni alitabasamu. Ilipofika kwenye "mimi sijaamini" alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Unanicheka, dada?"

"Sikucheki, kaka. Nisamehe. Ngoja nikuulize. Unajua juzi mahakamani nimesema nini? Nimesema, 'Mheshimiwa, ni kweli niliiba mbuzi, nikamfunga nyuma ya nyumba.'"

Dobi alisimama ghafla. "Wewe? Uliiba mbuzi?"

"Hata kuku sijawahi kuiba. Mshtakiwa ndiye aliyesema. Lakini kazi yangu inataka hivyo. Mtu akisema 'mimi', na mimi nasema 'mimi'. Sisemi 'huyu bwana anasema eti aliiba.' Nasema 'niliiba'. Halafu mwenye mbuzi naye anasimama, nageuka, nasema 'aliniibia mbuzi wangu'. Saa hiyo hiyo nimeiba na nimeibiwa. Na hakimu hajanifunga mpaka leo."

Mama Kengele aliachia kicheko kule kwenye cherehani. Dobi hakucheka, lakini pia hakuzunguka meza.

"Sasa mbuzi anahusiana nini na Kengele?"

"Anahusiana sana. Mimi nawajua wale wasichana. Mwalimu wao wa mdahalo amenialika mara kadhaa niwafundishe kusikiliza. Mada inatolewa. Kisha wanapiga kura ya vikaratasi. Ukiokota karatasi ya kuunga mkono, unaunga mkono. Ukiokota ya kupinga, unapinga. Wewe unaamini nini moyoni, hilo halina nafasi siku hiyo. Kengele ameokota. Hakuchagua."

Dobi akakumbuka "sikucha...", neno alilolikata njiani. Akakuna shingo.

"Na hiyo nyumba?"

"Nyumba ni ukumbi, kaka, pamoja na wote waliomo. Ni msemo wa mdahalo tu. Haina uhusiano na bati lako."

"Basi waseme ukumbi!"

"Nitawafikishia."

Dobi alichukua shati, akaliweka mezani, akaliondoa tena. "Lakini dada, mtoto kusemeshwa asichokiamini, hiyo ni elimu gani? Si ndiyo kumfundisha uongo?"

"Swali zuri. Angekuwa anadanganya kama watu wangedhani anasema ya moyoni. Mle ukumbini kila mtu anajua pande zimepangwa. Anachojifunza ni kutafuta sababu za mtu asiyekubaliana naye. Akizitafuta, anagundua kwamba hata yule wa upande wa pili ana akili, si mjinga wala si adui. Mara nyingi anarudi kwenye wazo lake akiwa amelirekebisha."

"Na kwa nini wasichana?"

Hapo mkalimani aliacha utani.

"Nitakuambia ninachokiona kazini. Anakuja mwanamke, haki yake iko wazi kabisa. Shamba ni lake, mashahidi wapo. Anaulizwa swali, anatazama sakafu. Anaulizwa tena, anasema 'ndiyo'. Anasema 'ndiyo' kwa kila kitu ili atoke mle ndani. Mimi siruhusiwi kumwongezea hata neno moja. Natafsiri 'ndiyo' yake, naona haki yake inaondoka. Nikirudi nyumbani sili. Wale wasichana darasani wanaandika majibu sahihi, lakini mwalimu akisema 'eleza kwa nini', wananyamaza. Nyumbani tumewafundisha kunyamaza mkubwa akisema, na ni adabu. Ila siku daktari akimuuliza anaumwa wapi, au mwajiri akimdhulumu, adabu ya kunyamaza haitamsaidia."

Cherehani ilikuwa imesimama. Mama Kengele alikuwa anasikiliza kwa mwili mzima.

"Na si ubishi," mkalimani akaendelea. "Mbishi hasikilizi. Kwenye mdahalo wao, ukitukana unakatwa alama. Ukisema jambo bila ushahidi, unakatwa alama. Na kuna sheria moja, hiyo nimewapa mimi. Kabla hujamjibu mwenzako, kwanza uirudie hoja yake kwa maneno yako. Uirudie mpaka yeye mwenyewe aseme, 'Ndivyo nilivyosema.' Asiposema hivyo, huna ruhusa ya kujibu."

"Hiyo ni rahisi."

"Eti? Jaribu leo. Usimsikilize mwanao akisema na mashuka. Muulize yeye." Mkalimani aliikunja blauzi yake. "Na hii usinunue nyingine. Mama Kengele, hukati hii mikono iwe mifupi?"

"Naikata, dada. Na joto hili utanishukuru," alijibu Mama Kengele.

Kengele aliporudi shule alikuta baba yake anamngoja mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ulipangiwa upande kwa kikaratasi?"

"Ndiyo, baba. Mimi nilitaka ule mwingine."

Dobi alivuta pumzi ndefu. Jibu hilo lingemtosha. Angeweza kusema "haya, nenda Jumamosi" akarudi kwenye pasi zake. Lakini lile swali lilikuwa bado linamtafuna, na yeye hakuwa mtu wa kulala na kitu.

"Katika yale uliyoyasema, hakuna hata neno moja lililo lako? La moyoni?"

Kengele alitazama sakafu. Dobi alipoiona ile shingo iliyoinama, akamkumbuka mwanamke wa mahakamani anayesema "ndiyo".

"Nitazame mimi," alisema kwa upole. "Sema. Sikukati."

"Lipo moja, baba. Jumatano."

"Jumatano ina nini?"

Kengele alieleza. Kila Jumatano alasiri nyumba ya wageni inaleta magunia ya mashuka. Yanatakiwa Alhamisi asubuhi. Siku hiyo wanakunja mpaka giza linaingia, na yeye akishika daftari usingizi umeshamshika. Alhamisi somo la kwanza ni hisabati. Alisema yote haraka haraka, kisha akasubiri.

Dobi akaanza kutembea. "Haya. Narudia hoja yako. Unasema umeichoka kazi ya baba yako."

"Sivyo nilivyosema, baba."

"Unasema nakuonea."

"Sivyo."

"Basi unasema hutaki kukunja mashuka."

"Mimi napenda kukunja! Sivyo nilivyosema!"

"Sasa umesema nini?" Dobi alipaza sauti. Jasho lilikuwa linamtoka. "Mbona kila nikirudia unakataa?"

"Kwa sababu unarudia unachokiogopa wewe," mkewe alisema kutoka kwenye kona, bila kuinua macho. "Rudia alichokisema yeye."

Dobi akasimama. Alitaka kumjibu mkewe, lakini ilikuwa kweli tupu. Akamgeukia binti yake na kuanza upya, polepole, neno baada ya neno.

"Unasema kazi huikatai. Siku nyingine zote unapata nafasi ya kusoma. Jumatano peke yake magunia ni mengi, unalala bila kusoma. Alhamisi unaingia kwenye hisabati umechoka, huambulii kitu. Unachokikataa ni Jumatano."

Uso wa Kengele ulifunguka.

"Ndivyo nilivyosema, baba."

Dobi alikuwa amekaa na binti huyo nyumba moja tangu azaliwe, na hilo la hisabati hakuwa analijua. Aliona haya, na hakuona sababu ya kuificha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema ni uvivu."

"Ningesema," dobi alikubali. "Ningesema kabisa."

Kesho yake alivaa viatu, akaenda nyumba ya wageni. Njia nzima alijiandaa kwa vita. Msimamizi alimsikiliza, akaangalia kalenda ukutani, akasema magunia yanaweza kuja Ijumaa jioni na kurudi Jumapili. Kwake ni sawa tu.

"Sawa tu?" dobi aliuliza. "Miaka yote hii?"

"Hukuwahi kuuliza, fundi."

Jumamosi ikafika. Dobi alizipiga pasi sare za Kengele mwenyewe. Marinda ya sketi yalisimama hata Kengele akaogopa kukaa. Waliweka kufuli mlangoni, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona mchana wa Jumamosi, wakaenda shuleni watatu.

Ukumbi ulijaa wasichana na wazazi. Mama Kengele alipata nafasi kwenye benchi. Dobi alisimama nyuma, karibu na mlango, akihama mguu huu kwenda mguu ule. Mbele kulikuwa na meza mbili zinazotazamana, na katikati alikaa mwenyekiti, msichana wa kidato cha nne mwenye kengele ya mezani. Majaji walikuwa watatu, walimu kutoka shule nyingine.

Kengele alisimama kwanza. Safari hii hakukimbiza maneno. Alisema mtoto wa shule anahitaji muda wa kusoma, wa kulala na wa kucheza. Alisema wao wenyewe waliwauliza wanafunzi wa darasa lao, na wengi wanaofanya kazi jioni walisema husinzia asubuhi. Aliposema "anamwibia muda", dobi alitikisa kichwa, kisha akakumbuka mbuzi, akatulia.

Upande wa kupinga alisimama binti wa mwokaji mikate, mfupi, mwenye sauti nzito. "Mimi nimejifunza kuhesabu kwenye tanuri la baba," alisema. "Kupima unga, kugawa mikate, kuongea na mteja mkali. Mkimtoa mtoto katika kazi ya wazazi wake, mnamtoa katika shule nyingine. Na mkate anaokula ataujua kwa jina tu."

Watu walipiga makofi. Hata dobi alipiga, kisha akajiangalia mikono kwa mshangao. Binti wa mwokaji alikuwa ameyasema ya moyoni mwa dobi mwenyewe, na alikuwa upande wa adui.

Kengele akasimama kujibu. "Mwenzangu anasema kazi ya mzazi ni darasa. Mtoto anajifunza hesabu, uvumilivu na heshima kwa watu. Anasema pia kwamba mtoto asiyeijua kazi inayomlisha hawezi kuwaheshimu wanaoifanya."

Binti wa mwokaji aliinama mbele. "Ndivyo nilivyosema. Hilo la mwisho sikulisema hivyo, lakini nalichukua."

Ukumbi ukacheka. Kengele naye alicheka, kisha akajibu.

"Nakubali ni darasa. Lakini shuka likikunjwa vibaya, unalikunjua, unalikunja upya. Somo likikupita umelala, mwalimu ameshaendelea mbele. Nitawapa mfano. Namjua msichana aliyekuwa anasinzia kwenye hisabati kwa sababu ya kazi ya jioni. Akamwambia baba yake." Hapo alisita. Macho yake yalipita juu ya vichwa vya watu, yakafika mlangoni. "Baba yake alikuwa na hasira. Lakini alimsikiliza. Aliirudia hoja yake mpaka akaipata. Halafu akaenda mwenyewe kwa mteja, akaibadilisha siku. Sasa msichana huyo anafanya kazi na anasoma, na ana baba ambaye..."

Kengele ya mezani ililia. Muda umekwisha.

Dobi alikuwa amesimama mlangoni, miguu yote miwili chini. Alikuwa analia bila kujificha, mbele ya wateja wake.

Majaji walinong'onezana kwa muda mrefu. Kisha mmoja wao akasimama, mama wa makamo mwenye miwani.

"Pande zote mbili zimefanya vizuri," alisema. "Upande wa kuunga mkono ulikuwa mbele mpaka karibu na mwisho. Lakini msemaji wa kwanza ametupa mfano mzuri mno, na mfano huo ni wa wapinzani. Ametuonyesha kwamba mzazi akisikiliza, mtoto anaweza kufanya kazi na kusoma. Ndicho wenzake walichokuwa wanatafuta kukithibitisha. Kwa sababu hiyo, ushindi unakwenda upande wa kupinga."

Binti wa mwokaji aliruka. Kengele alimpa mkono, akamkumbatia.

Njiani dobi hakutembea, alichemka. "Wamekuonea! Ngoja nirudi niwaambie!"

"Baba, kwanza rudia walichosema," Kengele alimwambia.

Dobi alifungua mdomo. Alifikiri. Akaufunga. Walitembea mpaka kwenye duka la vitabu.

"Walisema umewasaidia wapinzani," alisema mwishowe. "Na ni kweli umewasaidia. Wewe hukuona?"

"Niliona, baba. Nilikuwa nimeshaanza sentensi."

"Si ungeacha!"

"Sikutaka kuacha."

Dobi alitoa leso aliyoipiga pasi asubuhi, akapenga kamasi kwa sauti kubwa.

Muhula ule Kengele aliendelea na mdahalo, safari nyingine akiunga mkono, safari nyingine akipinga. Alhamisi alikaa macho, na siku moja aliinua mkono kwenye hisabati na kueleza kwa nini jibu la ubaoni lilikuwa na kosa. Wasichana waliokuwa wakitazama sakafu walianza kuja kwenye mazoezi, kwanza kuangalia, baadaye kusema. Binti wa mwokaji akawa anapita dukani kumsubiri mwenzake. Mkalimani naye alivaa blauzi yake ya mikono mifupi mahakamani, na kila akiivaa aliikumbuka alama iliyoifupisha.

Lakini kitu kilichomshangaza dobi kuliko vyote kilitokea jioni ileile ya Jumamosi. Walifika nyumbani, wakafungua kufuli. Dobi alishika pasi, maana kulikuwa na mashati ya watu. Mkewe hakwenda kwenye cherehani. Alisimama katikati ya chumba, mikono imeshikana.

"Baba Kengele."

"Naam."

"Na mimi nina hoja."

Dobi alimtazama. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kusikia sentensi hiyo. Alikaribia kusema "ngoja nimalize shati hili", na maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Akayameza. Alizima pasi. Akaenda kwenye kigoda, akaziondoa foronya zote, akaziweka mezani. Kisha akakaa.

"Sema," alisema. "Nitairudia mpaka niipate."